Mlio Ndani ya Pikipiki ya Dresa Singano

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana habari hii ina mlio ndani yake, na atakayeukosa mlio hataweza kuamua. Mwishoni nitawauliza swali moja. Jibu lake sinalo.

Palikuwa na watu watatu katika mji mdogo wa Soni, milimani Usambara, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa mwanamke, Bi. Mgeni binti Kaoneka, mwenye mashine ya kusaga nafaka nyuma ya soko. Kipaji chake kilikuwa sikio. Aliweza kukaa nje akichambua mchicha, mashine ikinguruma ndani, akapaza sauti: "Hayo mahindi hayajakauka, mrudishieni mwenyewe!" Wakiyatia mkononi, kweli hayajakauka.

Wa pili alikuwa Ernest Hoza, fundi wa magari, aliyejifunza kazi jeshini akarudi nyumbani na ovaroli mbili na maneno machache. Kipaji chake kilikuwa vidole. Alifumba macho, akapitisha kidole juu ya chuma, akakuonyesha ufa ambao wewe uliyefumbua macho hukuuona.

Wa tatu alikuwa Hemedi bin Athumani Shekivuli. Ninataja jina la baba yake kwa sababu wakati huo Soni ilikuwa na akina Hemedi watatu, na mmoja wao, fundi saa, hana lawama yoyote katika jambo hili. Kipaji cha Hemedi bin Athumani kilikuwa kumbukumbu. Ungemwonyesha mkwaruzo kwenye chombo, angekutajia mwaka, mahali na jiwe lenyewe.

Nitakaa zaidi na Hemedi kuliko wenzake, kwa kuwa ndani yake ndimo moto ulimokuwa ukiwaka. Moto wenyewe uliitwa wivu, na ulikuwa na umri wa miaka minne.

Uliwashwa na pikipiki. Mwenye pikipiki alikuwa Salehe Singano, mhudumu wa afya tangu enzi za Waingereza. Cheo chake kilikuwa dresa, na watu walikitumia cheo hicho mpaka jina lake likabaki kwenye barua tu. Mwaka 1956 alipewa pikipiki ya Kiingereza ya silinda moja ili awafikie wagonjwa vijijini, na alipostaafu akaruhusiwa kuichukua iwe yake. Jina la kiwanda lilikuwa limefutika kwenye tangi kwa kusuguliwa na magoti yake, kwa hiyo silitaji. Sauti ya pikipiki ilijulikana mpaka mabondeni: duf, duf, duf, nzito, yenye nafasi katikati, kama mtu mnene anayepanda ngazi bila haraka. Mkewe, Bi. Mwanamtama, aliisikia tangu kona ya Kwemshasa. Hapo aliinjika birika. Dresa alipokuwa akiegesha uani, maji yalikuwa yanachemka.

Hemedi aliingia nyumba hiyo mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka kumi na saba, kusaidia kazi. Alibeba mkoba wa dawa, akapanga chupa, na kila Ijumaa asubuhi aliiosha pikipiki. Aliiosha miaka kumi na tisa. Alijua kila boliti yake. Aliweza kuiwasha kwa kiki moja, jambo ambalo hata Dresa mwenyewe lilimchukua mbili. Lakini kuipanda na kuondoka nayo hakupata hata siku moja. Alipoomba aliambiwa, "Hiki si chombo cha kujifunzia, Hemedi." Akaitika, akaendelea kusugua.

Mwaka 1983 macho ya Dresa yalianza kufifia, na kabureta ikaanza kumwaga petroli. Akaitwa Ernest Hoza. Ernest alikaa na pikipiki saa tatu tu. Alipomaliza, Dresa aliisikiliza, akacheka kwa furaha, akasema, "Panda, Ernest. Teremka nayo mpaka Mombo, uisikilize njiani."

Hemedi alikuwa langoni na kitambaa chenye maji mkononi. Alisimama pale mpaka mlio ukapotea chini huko kwenye kona, na hakuondoka mpaka kitambaa kikakauka. Tangu siku hiyo alijua mambo mawili: kwamba mikono ya Ernest ilikuwa mizuri, na kwamba asingemsamehe kwa uzuri huo.

Dresa Singano alifariki Machi 1987. Hakuacha mtoto. Ndugu zake walitoka Pangani, mirathi ikagawiwa mbele ya shehe, wao wakachukua shamba, na pikipiki ikaangukia fungu la mjane. Bi. Mwanamtama akaingia eda, miezi minne na siku kumi, na wanaume wasio maharimu zake wakawa wanazungumza naye kwa kupitia dirisha la uani lenye pazia la buluu.

Arobaini ilipopita, alisema nyuma ya pazia kwamba pikipiki isiachwe ife kwa kukaa. Hemedi akaomba aisafishe kwanza. Akaisafisha siku tatu, hata palipofichika. Ndipo akaiwasha.

Duf, duf, tak. Duf, tak, duf, duf, tak.

"Zima," sauti ikasema nyuma ya pazia.

Akazima.

"Hiyo siyo. Kuna mtu anabisha hodi ndani yake."

"Ni kukaa tu, mama," alisema Hemedi. "Chuma kikikaa kinanuna."

Lakini mlio haukwisha wiki hiyo, wala iliyofuata, wala mwezi uliofuata. Siku za eda zilipokaribia kumalizika, mjane aliwatangazia wote waliokuja kumjulia hali: "Siku nitakayotoka, nataka kuisikia ikipanda kutoka kona ya Kwemshasa kama alivyokuwa akija mwenyewe. Mara moja tu. Baada ya hapo ya nini kwangu? Mimi siwezi kuipanda. Atakayeirudishia sauti yake, nitaandika jina lake kwenye kadi, na chombo kitakuwa chake."

Hemedi alipoyasikia hayo alishindwa kula siku hiyo. Aliona jina lake kwenye kadi. Aliona pia langoni, mahali aliposimama mwaka 1983, amesimama Ernest Hoza akimtazama yeye akiondoka.

Jumamosi, siku tatu kabla ya eda kwisha, Hemedi aliwahi mapema, ukungu bado umelala juu ya mabati. Alikusudia kufika peke yake. Akamkuta Ernest uani, amekunja mikono ya ovaroli, ameketi kwenye kigoda. Kigoda kile Hemedi alikichonga kwa mkono wake.

"Karibu, Hemedi," alisema Ernest.

"Unanikaribisha mimi? Nyumba hii?"

"Basi nikaribishe wewe."

"Siwezi. Umeshaketi."

Bi. Mgeni alikuwa mlangoni, ameleta kibaba cha unga kwa mjane. Akaweka kapu chini. "Nikaribisheni mimi basi, nyote wawili, maana naona hapa leo pana ngoma." Akaingia ndani kumwamkia Bi. Mwanamtama, akatoka, akaketi kizingitini, akajifunga khanga vizuri kama mtu asiyeondoka.

Hemedi aliwasha kwa kiki moja na kuhakikisha Ernest ameona. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye injini na mpini sikioni, kama Dresa alivyomfundisha. Akasikiliza kwa muda. Kisha akatoa hukumu kama daktari:

"Konrodi. Ule mkono wa pistoni umelegea kule chini. Injini yote ifunguliwe. Nitaipeleka kwangu, nitaifungua taratibu, mimi peke yangu."

Alisema konrodi kwa kuwa alidhani ni konrodi. Alisema peke yangu kwa sababu nyingine.

Bi. Mgeni alicheka. "Hemedi, mwanangu, unasikiliza kwa pua? Konrodi gani hiyo inayopotea hatua?"

"Bi. Mgeni, hii siyo mashine ya unga."

"Naijua siyo. Nyamaza uisikie." Akainua kidole, akakipiga hewani kufuatana na mlio. "Konrodi imefungwa kwenye injini. Ingegonga, ingegonga na injini, haimtangulii wala haimchelewi mwenzake. Huyu tak anatembea na injini kama watu wawili wenye hatua zisizolingana: sikia, wapo pamoja, sasa ameachwa, sasa yuko katikati, haya wamekutana tena. Mimi naye tunajuana. Mkanda wa mashine yangu una kiungo cha chuma, na kila kinapozunguka kikafika kwenye gurudumu kinasema hivyo hivyo. Mkanda ni mrefu kuliko gurudumu, kwa hiyo haurudi kwa wakati mmoja nalo. Hapo hamna kitu kilicholegea. Kuna kitu kinachosafiri kikarudi. Kuna mkanda humo ndani?"

"Hakuna mkanda," alisema Hemedi.

"Kuna cheni," alisema Ernest polepole.

Naye alikuwa amesema kweli. Pikipiki zile zina cheni mbili. Moja ni ya tairi, kila mtu anaiona. Ya pili ni fupi, inatoka kwenye injini kwenda kwenye klachi, nayo imefichwa ubavuni ndani ya kava la chuma lenye oili. Hivyo sikio la Bi. Mgeni liliokoa injini isifunguliwe, katika mwaka ambao injini ya namna ile ikifunguliwa hupati kipuri cha kuifungia.

Hemedi aliposikia neno cheni, kitu kilimgusa kifuani, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha moto jikoni. Akakaa kimya. Ninaomba mkumbuke kwamba alikaa kimya.

Ikawa zamu ya vidole. Ernest alifumba macho, injini ikiwa inaunguruma, akaweka ncha ya kidole cha kati kwenye kava, akalizunguka pole pole, boliti baada ya boliti. Oili ya moto ilimrukia mkononi, hakutikisika. Chini ya boliti ya tatu kutoka mbele akasimama.

"Hapa. Inanipiga kucha."

"Unabahatisha," alisema Hemedi.

"Njoo uguse."

Hemedi hakuja. Ernest akazima injini, akafungua kava, akalipangusa kwa ndani. Palepale alipokuwa amepaonyesha palikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa, mwembamba, wa urefu wa kucha. Akaiweka pikipiki gia huru, akasukuma kiki kwa mkono pole pole, cheni ikapita chini ya kidole chake pingili moja moja, mpaka moja ikamwinua kidole. Pini yake ilikuwa imetokeza kuliko za wenzake, kwa unene wa ganda la yai.

"Pingili ya kuazima," alisema Ernest. "Ya mashine nyingine. Nani aliitia hii?"

"Dresa," alijibu Hemedi, kwani swali la kumbukumbu hakuweza kuliacha lipite. "Mwaka 1979, mwezi wa Novemba. Cheni ilikatika Bumbuli, madukani hakuna kitu. Aliitoa kwenye mashine mbovu ya kukoboa kahawa."

"Basi tangu 1979 iko humu. Miaka minane haijagonga. Kwa nini igonge mwaka huu?" Ernest alikuwa hamuulizi mtu, alikuwa akiuliza chuma. "Nikiipiga tupa nipunguze kichwa chake, itaachia, na cheni ikikatika kwenye mteremko inamuua mtu. Cheni nyingine hakuna." Akafikiri. "Tuiwashe bila kava."

Wakaiwasha bila kava. Tak ilikuwa imetoweka. Ernest akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, na tabasamu lile lilimkata Hemedi vipande viwili.

"Mama," Ernest aliita kuelekea dirishani. "Vipi hiyo?"

Mjane akajibu nyuma ya pazia: "Mtu aliyekuwa akibisha hodi ameondoka. Lakini mwenye nyumba amevuliwa nguo. Nasikia minyororo. Mume wangu hakuwa akija na minyororo."

"Na oili yote itamwagika barabarani," alisema Bi. Mgeni. "Kava lazima lirudi. Bila kava si yenyewe, na kava likirudi linagongwa. Haya, wanaume."

Ernest akachuchumaa tena. Akalishika kava, akaligeuza, akaanza kutazama ukingo wake, pale linapokutana na injini. Palikuwa na gasketi ya karatasi ngumu, ya kuzuia oili isivuje, imekatwa vizuri sana.

Na sasa niwaambie kile ambacho Hemedi alikuwa amekikumbuka tangu neno cheni lilipotajwa.

Novemba ile ya 1979, baada ya kuitia pingili ya kuazima, Dresa alichukua mkanda wa ngozi wa mkoba wake wa zamani wa dawa, akaukata kuwa gasketi nene ili kulisogeza kava nje kidogo, pini ipate nafasi ya kupita. Hemedi ndiye aliyeushika mkanda ukakatwa. Lakini siku zile tatu za kusafisha baada ya arobaini, alilifungua kava akakuta ngozi imekuwa nyeusi, imevimba oili, imechakaa pembeni. Hakuwaza cheni. Aliwaza watu watakaokuja siku ya kutoka eda, na Ernest akiwa miongoni mwao, akiinama na kutazama kwa macho yake yale ya kijeshi. Hakutaka aone uchafu. Akaitupa ngozi kwenye shimo la taka. Akakata gasketi mpya kutoka kwenye jalada gumu la kalenda, kazi safi, kingo kama zimekatwa kwa wembe. Kava likakaa barabara. Likakaa karibu mno.

Kwa hiyo mlio ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyeutia.

Angeweza kunyamaza. Alipanga kunyamaza. Ernest angeshindwa, Bi. Mgeni angeenda zake sokoni, na kesho yake angerudi peke yake na kipande cha ngozi mfukoni, asubuhi mtu hajaamka, na Bi. Mwanamtama angesikia duf, duf, duf, akasema, "Hemedi!" Alikuwa ameshaanza kuusikia mwito huo.

Lakini Ernest alikuwa anapitisha ukucha kwenye tundu la boliti. Akauinua kwenye mwanga. Ulikuwa na uzi mwembamba wa rangi ya kahawia. Akaunusa.

"Hii siyo karatasi," alisema.

Hemedi aliona uso wa Ernest ukianza kufunguka, kama mtu anayesoma neno gumu na amebakiza silabi moja.

"Ngozi!" alisema Hemedi, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni ngozi. Palikuwa na gasketi ya ngozi, nene. Dresa aliikata mwenyewe ili kava likae mbali na pingili. Mimi niliishika ikakatwa. Irudishwe ngozi, mlio unakwisha."

Bi. Mgeni ndiye aliyeuliza, taratibu, "Na ya karatasi kaiweka nani?"

"Mimi."

"Lini?"

"Baada ya arobaini. Niliona imechakaa."

Ernest akasimama. "Kwa hiyo tumekuwa tukiutafuta mlio wako tangu asubuhi, na wewe umeketi hapa unatuambia konrodi."

"Nilidhani konrodi."

"Mpaka saa ngapi?"

Hemedi aliinama. Alivua kubadhi la mguu wa kulia, la ngozi ya ng'ombe, zito, alilolinunua kwa ajili ya Idi. Akaomba kisu. Akalikata palepale kizingitini, kumbukumbu ikimwongoza: unene gani, upana gani, tundu la kila boliti umbali gani, bila kupima. Ernest alilishika lile kava juu yake kulinganisha. Matundu yote tisa yalikubali. Ernest akasema, "Sawa," na kwa Ernest neno hilo lilikuwa hotuba. Wakailoweka ngozi kwenye oili siku mbili, na siku ya tatu wakafunga.

Siku hiyo ya tatu Bi. Mwanamtama alitoka eda. Alikoga, akavaa nguo nyingine, akaketi barazani mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu Machi. Alikuwa amekonda. Magotini aliweka bati la biskuti, na ndani ya bati ilikuwamo kadi ya pikipiki.

"Ipelekeni Kwemshasa," alisema.

Na hapo likatokea jambo ambalo Hemedi, pamoja na kumbukumbu yake yote, hakukumbuka kulifikiria. Ilibidi mtu aipande. Aliushika usukani, akautazama, akatazama barabara inayoteremka. Miaka kumi na tisa. Hakujua hata kuachia klachi.

"Haya, fundi wa kitambaa," alisema Ernest, si kwa ukali. Akampokea usukani. Ernest akateremka nayo, na Hemedi akabaki langoni, palepale, safari hii mguu mmoja ukiwa na kubadhi na mmoja mtupu, maana jozi nyingine hakuwa nayo.

Walisubiri. Kisha, kutoka chini kabisa, kwenye kona: duf, duf, duf. Nzito. Yenye nafasi katikati. Hapakuwa na hodi wala minyororo.

Bi. Mwanamtama aliinuka, akaingia jikoni, akainjika birika. Ernest alipoegesha uani, maji yalikuwa yanachemka. Mjane akarudi, macho yake mekundu, na vikombe vitatu kwenye sinia. Wakanywa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, na kwa hiyo Bi. Mgeni akawa wa kwanza.

"Dada, mimi sizunguki. Bila sikio langu, sasa hivi injini ingekuwa kwenye gunia nyumbani kwa Hemedi, na hakuna mwanadamu ambaye angeifunga tena. Mimi ndiye niliyewaambia waangalie wapi. Na msinicheke. Nimekaa na injini miaka kumi na minne. Itanishinda hii yenye tairi mbili? Nitapelekea watu unga mpaka Bumbuli."

Ernest akasema: "Sikio lilisema cheni. Cheni ina pingili sitini na kitu. Mimi nilipata moja. Mimi niliona alama, mimi nilijaribu bila kava, na nilikuwa na uzi wa ngozi ukuchani. Nusu dakika zaidi ningesema mwenyewe. Na marehemu alinikabidhi chombo hiki kwa mkono wake, mwaka 1983."

Hemedi aliona mwaka ule ukimpita usoni kama kofi. Akasema: "Ungesema ngozi. Ungejua unene wake? Ungejua matundu yako wapi? Nyinyi mmeutafuta ugonjwa. Dawa ni yangu, imetoka mguuni kwangu, na Dresa alipoikata mara ya kwanza ni mimi niliyekuwa nimeshika."

"Ugonjwa pia ni wako," alisema Ernest.

"Ni wangu. Nimesema mwenyewe, mbele yenu."

"Hilo kweli," alisema Bi. Mgeni. "Kasema mwenyewe. Angeweza kutuacha."

Bi. Mwanamtama akamgeukia Hemedi. "Ungeweza kunyamaza, mwanangu. Kwa nini ulisema?"

Hemedi alitazama vidole vya Ernest vilivyoshika kikombe. Kwenye ukucha wa kidole cha kati bado palikuwa na weusi.

"Nilikumbuka tu, mama," alisema.

Mimi na nyinyi tunajua alivyokumbuka, na saa aliyokumbuka. Mjane hajui. Bi. Mgeni hajui. Ernest anadhani anajua, lakini hajauliza tena.

Bi. Mwanamtama amefungua bati. Amekunjua kadi. Jina la Salehe Singano limepigwa mstari kwa wino, na chini yake kuna nafasi ya mwenye chombo mpya. Nafasi ni ya jina moja, la mtu mmoja, kwa herufi kubwa, mawili hayaenei. Ameshika kalamu, na watatu wameacha kunywa chai.

Sikio lilisema ni nini. Vidole vilisema ni wapi. Kumbukumbu ilisema ni kwa nini, na mwenye kumbukumbu ndiye aliyeutia mlio, ndiye aliyeficha, na ndiye aliyesema.

Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?